Alizaliwa Siku Kama ya Leo

Kwa muda mrefu kazi yangu ilikuwa kuwaamsha watu wa Kamina kwa kuwatajia wafalme wa Ulaya. Redio yetu ni ndogo, imo katika nyumba ya zamani ya wafanyakazi wa reli, ya matofali mekundu, na ukutani tumebandika trei za mayai ili sauti isirukeruke. Asubuhi, kabla jua halijapata nguvu ya kujaza betri, nilikuwa naketi mbele ya kipaza sauti na kusema: "Siku kama ya leo." Hapo yalifuata mambo makubwa yaliyotokea duniani tarehe hiyo, kisha waliozaliwa, kisha waliokufa. Mkurugenzi aliyatafuta kwenye simu yake kwa Kifaransa, mimi nikayatia katika Kiswahili.

Majina ya watu nayaacha. Mji wetu si mkubwa, na wenyewe watajijua.

Mkurugenzi ni mwalimu mstaafu, mtu wa tai hata siku ya joto. Aliamini kabisa kwamba mtu akijua ni mfalme gani aliyekatwa kichwa tarehe ipi, basi amestaarabika. Mimi alinichukua kwa sababu ya Kiswahili changu. Sisi ni wale wanaoitwa Bangwana, Waislamu wa Maniema ambao babu zao walifuata njia za biashara mpaka huku. Baba yangu anauza vitenge karibu na soko, na nyumbani kwetu mtoto akisema "bintu" badala ya "vitu" alirudishwa nyuma aseme tena. Basi sokoni nasema kama wenzangu, redioni nasema kama baba. Mkurugenzi alikuwa akinitania kwamba hicho ni Kiswahili cha msikitini, lakini ndicho alichokitaka, na mshahara alionilipa ulikuwa wa kuchekesha pia.

Aliyenitibulia starehe hiyo ni mama anayekaanga bitumbula, maandazi yetu ya mviringo, pale getini kwetu. Nilikuwa nimetoka kusoma, nimeegemea ukuta wake nikingoja zangu ziive, akaniuliza bila kuinua macho kwenye mafuta.

"Dada, minakusikiaka kila asubui. Bale bantu unasemaka, beko bandugu yako?"

"Hapana, mama."

"Beko bandugu ya chef?"

"Hapana."

"Sasa juu ya nini munabalilia?"

Wateja wengine wakaangua kicheko. Mimi pia nilicheka, kisha nikaondoka na bitumbula zangu, na njiani hasira ikanipanda. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, sifichi. Nilijiuliza kama katika mji huu mzima, wenye watu waliojenga reli, waliochimba makaa ya mawe kule Luena, waliozaa na kuzika, hakuna hata mmoja aliyezaliwa tarehe yoyote. Kana kwamba tumeokotwa.

Asubuhi iliyofuata, baada ya kumaliza wafalme, niliongeza mtu wangu. Alikuwa dereva wa treni, jirani yetu wa zamani, aliyefariki tarehe hiyo. Msibani kwake nilibeba maji nikiwa msichana. Nilisema kwamba alikuwa akipiga honi ya treni kwa namna yake akikaribia Kamina, na mkewe akiisikia anaweka sufuria ya bukari, ugali wetu, jikoni. Sikusema zaidi.

Mkurugenzi aliingia studio kabla sijavua vifaa vya masikioni. "Madame, historia haiko kitunga ya soko, kila muntu anatupa mule kintu yake."

"Chef, na huyu mfalme wako, nani hapa alienda kwenye kilio yake?"

Alirekebisha tai, akatoka. Lakini mchana watu walianza kuja getini na tarehe zao. Mmoja alileta siku ya mama yake, mkunga. Mwingine hakujua tarehe, alijua tu kwamba ilikuwa siku ile mvua ya mawe ilipotoboa paa la kanisa, nasi tukaulizana mpaka tukaipata. Mwisho mkurugenzi alikubali shingo upande, kwa sharti kwamba watu wetu wasomwe baada ya wafalme. Nilikubali. Nilijua wafalme hawatalalamika.

Katika hao waliokuja getini alikuwemo mke wa askari. Simsahau alivyosimama siku ile ya kwanza, mrefu, kitenge amekifunga kwa nguvu kama mtu anayekwenda kubeba mzigo. Alitoka mbali, upande wa mto Ubangi, alifuata mume mpaka kambi ya jeshi ya Base, na Kiswahili chake alijifunzia kambini, kina Lingala ndani yake. Mumewe alikuwa mtoto wa huku, wa Kinkondja kwenye ziwa, watu wa samaki. Walikuwa wamejenga nyumba yao ya matofali mjini, pembeni ya njia inayokwenda Base, chumba baada ya chumba, kila likizo ukuta mmoja. Kisha mume akapelekwa kwenye vita vya mashariki. Siku moja wakiongea kwenye simu, simu ilikatika katikati ya neno, na haikulia tena. Mke alikwenda kambini akauliza mpaka wakamchoka. Wakampa neno moja la Kifaransa: disparu.

Lakini siku ile hakuja kwa ajili ya hilo. Alikuja kunipa siku ya kuzaliwa ya mumewe. Ilikuwa tarehe thelathini ya mwezi wa sita, siku kuu ya uhuru, ile inayorudi kila mwaka.

"Unajua vizuri?" nikamwuliza, maana kwetu wengi tarehe zao zilibuniwa na karani.

"Mama mukwe aliniambia, siku ya ndoa yetu. Alizala ile siku ya dipanda. Ngoma ilikuwa inalia, bantu bote balikuwa banacheza. Aliita, hakuna mwenye alimusikia. Alizala peke yake, alikata kitovu peke yake. Mama sawa vile anaweza kusahau tarehe?"

Mwaka huo nilimsoma kati ya waliozaliwa, baada ya wafalme, kama tulivyopatana. Mkewe alisikiliza akiwa amesimama nje ya dirisha la studio. Nilipomaliza alinipungia mkono, akaenda zake sokoni.

Mwaka uliofuata, mwezi wa sita ukielekea mwisho, alikuja shemeji yake, ndugu wa mumewe. Alikuwa mfanyabiashara wa samaki wakavu. Baiskeli yake aliiegemeza ukutani na chumba chote kikanuka moshi wa Kinkondja, harufu ambayo mimi naipenda. Alivua kofia. Alikuwa mtu wa adabu, na hilo lilinifanya nishindwe kumchukia haraka kama nilivyotaka baadaye. Alikuwa na tangazo la kusomwa, limeandikwa Kifaransa kizuri na mtu aliyelipwa kuandika. Familia ilikuwa inawaalika ndugu, marafiki na majirani kufika katika nyumba ya mtoto wao tarehe thelathini, kwa ajili ya mpendwa wao, disparu.

Hapa lazima nieleze. Kwa Kifaransa cha kwetu neno hilo lina nyuso mbili. Padri akiwataja kanisani disparus wetu, anawasema marehemu. Jeshi likimwambia mke wa askari kwamba mumewe ni disparu, linamwambia kwamba halijui alipo. Kwa Kifaransa unaweza kulisoma bila kuchagua, kila mtu akasikia lake. Kwa Kiswahili huwezi. Lazima useme amefariki, au useme amepotea. Na matangazo yetu husomwa kwa Kiswahili.

"Hii disparu, baba, mutu alimuona amekufwa?" nikamwuliza, nimekwisha kuacha Kiswahili cha msikitini.

"Dada, hakuna mwenye alimuona. Lakini ni miaka. Jamaa tulikaa, tukasema tuangushe kilio. Maiti haiko, tutazika gogo ya mugomba, na nguo yake. Tarehe ya kufwa hatuna, njo maana tulibeba ile ya kuzaliwa, hakuna mwenye ataisahau."

"Na bibi yake?"

"Tutamupyana. Hatuwezi kumutupa."

Kupyana maana yake kilio kikiisha, mke ananyolewa, na mmoja wa ndugu anamrithi, yeye pamoja na kilicho chake. Sikuhitaji kuuliza kuhusu nyumba, lakini niliuliza.

"Nyumba ni ya jamaa," akasema, akitazama sakafu. Kisha akainua uso, na alichokisema kilinichoma kuliko nyumba. "Dada, mama yetu amezeeka. Tulimuleta na lori ya samaki, eko hapa Kamina, analala ku nyumba ya mutoto wake. Anataka kumulia mbele ya yeye mwenyewe kufwa. Utamukatalia mama kulia?"

Nilichukua karatasi yake, nikamwambia tutaona.

Labda mtu wa mbali atashangaa kwa nini walihitaji redio. Kwetu kifo ambacho hakijasomwa redioni bado ni maneno ya watu. Kikisomwa, basi. Majirani wanaleta viti, wanawake wanaanza kulia, na mke anakalishwa chini kwenye mkeka. Hawezi tena kusimama na kusema hapana, maana mji wote umeshasikia. Yule mama wa Ubangi hakuwa na kaka wala mjomba huku wa kumsemea. Alikuwa na ile nyumba, na neno lake kwamba mumewe hajafa. Sauti yangu ingetosha kumnyang'anya vyote viwili kabla chai haijapoa.

Nilimpelekea mkurugenzi. Alisoma tangazo mara mbili, akalipenda, Kifaransa chake kilimfurahisha. Akapata na wazo. "Huyu hatutamusoma mu matangazo tu. Tutamutia mu Siku kama ya leo, kwa bale balikufwa. Askari, siku ya dipanda. Ni heshima kubwa, Madame."

"Chef, mwaka jana nilimsoma kwa waliozaliwa."

"Si ni tarehe moja? Unamutosha huku, unamutia kule."

Alilisema kama mtu anayehamisha kiti. Nilimwambia mtu hahamishwi kutoka kuzaliwa kwenda kufa kwa sababu ndugu yake amekuja na baiskeli. Tulipandishiana sauti mpaka mama wa bitumbula akachungulia mlangoni. Mwisho mkurugenzi alisema neno lake la mwisho: nisome kama ilivyoandikwa, au nisirudi.

Nilikwenda nyumbani nimefura. Nilimkuta baba dukani anakunja vitenge, nikammwagia yote. Nilitaka anipe pole. Baba yangu si mtu wa kutoa pole bure.

"Kwetu sisi," akasema, "mtu aliyepotea hawi maiti mpaka kadhi aseme. Wewe umekuwa kadhi lini?"

"Mimi nasoma tu, baba. Nasoma nilichopewa."

"Haya. Basi soma vizuri." Akarudi kwenye vitenge vyake.

Siku moja kabla ya siku kuu, mke wa askari alikuja studio. Nilidhani atakuja akilia. Alikuja amesuka nywele. Si kusuka kwa kawaida, alikuwa amesimamisha misuko mirefu juu ya kichwa, ile inayomkalisha mtu kutwa nzima chini ya mikono ya msusi, na ilikuwa bado inang'aa mafuta. Katika mji ambao kila mtu alijua kwamba kesho watamnyoa, alitembea nayo kutoka nyumbani kwake, akakatiza soko zima, mpaka kwetu.

"Balisema utasoma bwana yangu na bantu ya kufwa," akasema.

"Ndivyo waliandika."

"Banaandika disparu. Muntu ya disparu banamutafuta, habamuziki. Dada, kama weye unajua alikufwa, uniambie hapa, mu macho yangu. Minyi mwenyewe nitajinyoa."

"Sijui."

"Basi. Na miye siyui. Na bale habayui." Hakupandisha sauti hata kidogo. "Minyi siko mujane. Minyi niko bibi ya muntu. Kesho ni anniversaire ya bwana yangu, siku alizaliwa, nitapika. Bantu bakuye kulia, bakuye kukula, ni mambo yao."

Nikamwuliza kuhusu mama mkwe. Hapo tu ndipo alipotazama pembeni. Alisema bibi kizee yumo ndani, chakula hali vizuri, analala na shati la mwanawe chini ya kichwa, na wawili hao hawajaweza kuongea juu ya jambo hilo, kila mmoja anamwogopa mwenzake.

Asubuhi ya tarehe thelathini mji ulikuwa kimya kuliko siku kuu ninazozikumbuka za utotoni. Miaka hii, kwa sababu ya vita, tunaambiwa siku hiyo ni ya kutafakari, gwaride hakuna. Mkurugenzi alikuja amevaa suti. Aliketi upande wa pili wa kioo, karibu na mitambo, jambo ambalo hakuwa akilifanya, na akaniwekea mbele karatasi mbili: ya kwanza mambo yake ya Kifaransa, ya pili tangazo la familia.

Nilianza. Nilisoma uhuru wetu, kama ilivyopasa. Nikasoma mtu mmoja aliyevuka maporomoko makubwa ya Amerika akitembea juu ya kamba, watu wakimtazama kutoka kingo zote mbili. Nikasoma jambo la Siberia, jinsi anga ilivyopasuka kwa mlio na msitu mzima ukalala chini, na mpaka leo wataalamu wanabishana ilikuwa nini. Hilo lilinipa moyo, sijui kwa nini. Wataalamu wenye vyombo vyote wanaruhusiwa kusema hatujui, na hakuna shemeji anayewaharakisha.

Kisha nikasema: "Waliozaliwa siku kama ya leo." Wafalme na waigizaji wa mkurugenzi niliwapitia mbio. Nikavuta pumzi.

Nilisema hivi, nakumbuka neno kwa neno: "Siku kama ya leo, kule Kinkondja, watu wote wakiwa wanacheza ngoma ya uhuru, mama mmoja alishikwa na uchungu. Aliita, na kwa ajili ya ngoma hakuna aliyemsikia. Alizaa peke yake mtoto wa kiume, akakata kitovu kwa mkono wake. Mtoto huyo alikua, akawa askari." Nikataja jina lake kamili. "Kuzaliwa kwake kuna shahidi, na shahidi huyo yuko Kamina leo, anatusikiliza. Shikamoo, mama."

Upande wa pili wa kioo mkurugenzi alisimama. Mimi nikaenda mbele, nikasoma waliofariki, wote waliokuwa na mtu wa kuthibitisha. Halafu nikachukua tangazo la familia na kulisoma lote, sikuongeza wala sikupunguza. "Familia inawaalika ndugu, marafiki na majirani kufika leo nyumbani kwa mtoto wao, kwa ajili ya mpendwa wao aliyepotea." Aliyepotea nikalisema polepole, kwa Kiswahili cha baba.

Mkurugenzi aliingia, shingo imemvimba juu ya tai. "Umesoma nini?"

"Nimesoma kilichoandikwa, Chef. Disparu, aliyepotea. Kuna kamusi kwenye kabati yako."

"Toka."

Nilitoka. Sisemi kwamba nilitoka kwa furaha. Kazi sikuwa na nyingine. Na nilikuwa nawaza juu ya yule bibi kizee, kwamba labda nimemnyang'anya machozi yake mbele ya mji mzima ili nionekane jasiri. Mama wa bitumbula alinikodolea macho, akanifungia bitumbula kwenye gazeti bila kuniuliza kitu. Nikasimamisha pikipiki, nikamwambia dereva anipeleke njia ya Base.

Nilikuta turubai limefungwa mbele ya nyumba, viti vya plastiki vimejaa, na redio bado iko juu ya kigoda katikati. Gogo la mgomba lilikuwa limelazwa pembeni chini ya shuka jeupe. Wanawake waliokuja kulia walikuwa wamejifunga vitambaa kiunoni, tayari, na sasa hawakujua wafanye nini na midomo yao. Mmoja alinisimulia baadaye kwamba jina liliposomwa kati ya waliozaliwa, mke wa askari alipiga kigelegele kikali akiwa peke yake katikati ya watu wote hao, kisha akaenda jikoni. Huko ndiko nilikomwona, anasonga bukari kwenye sufuria kubwa, misuko yake imesimama kichwani.

Shemeji alinijia. Adabu yote ilikuwa imemwishia. "Weye njo uliharibisha kilio ya bantu! Uliambiwa usome kufwa, unasoma kuzaliwa!"

"Baba, nilisoma karatasi yako."

"Unajua karatasi yangu ilikuwa inasema nini!"

"Hapana, sijui," nikasema, na sasa sauti yangu ilipanda mpaka viti vya nyuma. "Na weye hujui. Mwenye anajua asimame hapa, aseme nilimuona, nilimushika, alikuwa baridi. Asimame. Mimi nitarudi ku redio sasa hivi kusoma kifo yake, hata wakinifunga."

Hakuna aliyesimama. Wazee wengine walitazama viatu vyao. Ndipo sauti ndogo ikatoka mlangoni, ikisema Kiluba kwanza, na shemeji akanyamaza papo hapo. Alikuwa mama yake. Alikaa kwenye mkeka kizingitini, mdogo, shati la kiume limefungwa shingoni mwake. Aliniita kwa mkono. Nilipiga magoti mbele yake.

"Weye njo mama wa radio?"

"Ndiyo, mama."

"Nani alikuambia nilizala peke yangu?"

"Bibi ya mutoto wako."

Aligeuza kichwa akamtafuta mkwewe jikoni, akamtazama muda mrefu. Mke wa askari alikuwa ameacha kusonga, mwiko mkononi.

"Nilimuambia mara moja tu," akasema bibi. "Hakusahau." Kisha akawatazama watu wote wale waliojaa uani, wa viti na wa kusimama, akawa kama anawahesabu. "Ile siku nililia, bantu habakukuya. Nililia sana. Habakukuya hata mumoja." Akafuta pua kwa shati la mwanawe. "Lelo bamekuya."

Alinyoosha mikono yake miwili kuelekea jikoni, kama anavyofanya mtu anayetaka kunawa. "Munipe chakula ya mutoto wangu."

Mke wa askari alileta maji kwenye beseni, akamnawisha yeye mwenyewe. Akamletea bukari na samaki. Bibi akakata tonge la kwanza, na machozi yakaanza kumtoka, mengi, yakidondoka kwenye sahani. Alilia huku anakula. Hakuna aliyemwambia aache moja. Mkwewe alikaa chini karibu naye, wakala sahani moja, na taratibu wale wanawake wa kulia wakafungua vitambaa kiunoni, wakaenda kusaidia kugawa. Wengine walilia pia. Kuna aliyeanza wimbo wa harusi, akanyamazishwa, akaanza tena. Sijawahi kuona shughuli kama ile, na sijui jina lake.

Gogo la mgomba shemeji alilibeba mwenyewe jioni, akalitupa kwenye shamba la nyuma. Alikula wa mwisho, amesimama. Mimi simlaumu sana siku hizi. Alitaka jambo liishe, na yako mambo ambayo mtu anachoka kuyabeba. Lakini kuchoka kwako hakukupi haki ya kumnyoa mke wa mtu.

Studio nilikaa nje kwa muda. Mkurugenzi alisoma "Siku kama ya leo" yeye mwenyewe, kwa Kifaransa, mpaka watu wakaanza kuja getini kuuliza kama mama wa redio amekufa na ni tarehe gani, ili kifo changu nacho kisomwe. Akaniita nirudi. Hajaniomba radhi wala sijamwomba. Watu wetu sasa nawasoma kwanza, wafalme baadaye, na hilo hatujawahi kuliongea.

Bibi kizee alirudi ziwani na huko akafariki. Nilimsoma siku yake. Nyumba ya matofali bado ni ya mke wa askari. Ameongeza ukuta mmoja.

Mume hajarudi. Nasema hivyo waziwazi, kwa sababu wako wanaonijia na kuniuliza kwa dhihaka, huyo mtu wenu wa kupotea vipi, bado anapotea? Ndiyo, bado. Huenda amekufa. Sijawahi kusema kwamba yu hai. Akija mtu aliyemwona, nitasoma alichokiona, na mkewe alishasema atajinyoa kwa mkono wake. Mpaka hapo, mji huu hautamzika kwa sababu ya neno la Kifaransa.

Kila mwaka tarehe thelathini ya mwezi wa sita mkewe anakuja, misuko mipya, anasimama nje ya dirisha la studio. Mwaka huu alikuja nywele zake zimeanza mvi pembeni. Nilifungua dirisha nikamwuliza, kwa sababu siku hizi namwuliza kila mara, kama bado tumweke mumewe upande ule ule wa waliozaliwa.

"Weye soma," akasema. "Minyi nilishapika."

Nikafunga dirisha, nikasoma.